Habari Ilisikika, Haikuaminiwa

Wasikilizaji, tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka katika Jimbo la Kivu ya Kaskazini, katika mji mdogo wa Mangina, karibu na Beni. Moto huo haukuzimwa mpaka tarehe 25 Juni 2020. Kwa muda huo waliugua watu 3,470, na 2,287 kati yao walifariki dunia. Mlipuko mmoja tu ndio uliopata kuupita huo kwa ukubwa, nao ni ule wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kongo haikuwa ngeni kwa Ebola. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko huko Kongo, mahali paitwapo Yambuku, mwaka 1976, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa waliokwenda Yambuku wakati ule, alikuwa angali kazini. Chanjo nayo ilikuwapo safari hii, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wala redio hazikukosekana. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwa mojawapo, na Beni na Butembo zina stesheni zake ndogo ndogo. Kwa hiyo watu habari waliipata. Hata hivyo, Septemba 2018 watafiti walipowahoji watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, kiasi cha mmoja katika kila wanne alijibu kwamba Ebola haipo.

Sehemu ya sababu ilikuwa lugha. Mabango ya mwanzo mengi yaliandikwa kwa Kifaransa, na mengine kwa Kiswahili cha vitabuni, ilhali bibi kizee wa Butembo huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili cha Kongo sokoni. Lakini hata maneno yenyewe yalikuwa na miiba. Kazi yote ya kupambana na ugonjwa iliitwa kwa Kifaransa "riposte", yaani pigo la kujibu pigo. Mgonjwa ambaye damu yake haijapimwa bado aliitwa kwa neno lile lile la Kifaransa ambalo polisi humwita mtu anayeshukiwa wizi. Askari polisi anayesikiliza mazungumzo haya anaelewa vema jinsi mtu anavyobadilika uso anapoambiwa kwamba yeye ni mshukiwa na kwamba hana budi kufuatana na watu waliomjia.

Lugha, hata hivyo, ni kikwazo chepesi kuliko kumbukumbu. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga na bunduki, na miaka ilipita wakilia pasipo kuona msaada wa kutosha. Ghafla, kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi hawajauona kwa macho, yakaja magari mengi meupe, fedha na wataalamu wa kigeni. Watu wakauliza kwa nini kifo hiki kipate waganga na kile kikose walinzi. Swali hilo halikujibiwa na tangazo lolote la redio. Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa taifa, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na hali ya usalama. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kuwapokea wagonjwa. Tangu siku hiyo, yeyote aliyesema kwamba Ebola ni hila ya siasa alikuwa na ushahidi mkononi, au alidhani anao.

Hapo ndipo ilipoingia bunduki. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha tiba cha Katwa kilishambuliwa, na siku tatu baadaye kile cha Butembo. Tarehe 19 Aprili Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini mjini Butembo. Si haki, basi, kumlaumu mkuu yeyote aliyeamuru wauguzi wasindikizwe na askari, kwani asiyewasindikiza angewapeleka machinjoni.

Lakini ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Muuguzi aliyefika mlangoni akiwa na askari wawili nyuma yake hakusikilizwa kama muuguzi. Mama mwenye mtoto mwenye homa alimficha mtoto, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akampeleka kwa jamaa wa kijiji cha pili. Na ugonjwa ukasafiri naye. Vikosi vya mazishi vilivyolindwa kwa silaha vilipata maiti, havikupata majina ya waliomwosha marehemu, na majina hayo ndiyo yaliyotafutwa. Mwezi Machi 2019 Madaktari Wasio na Mipaka walisema hadharani kwamba nguvu za dola zinawakimbiza wagonjwa badala ya kuwaleta. Askari aliyepata kufanya doria katika kijiji chenye hofu hahitaji kuelezwa zaidi: milango hufungwa, na anayejibu hujibu lile analodhani linatakiwa.

Yaliyofungua milango hayakuwa matangazo makubwa. Beni vilitumiwa vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakamwona mgonjwa wao akiwa hai, akinywa uji, wakazungumza naye. Waliopona waliajiriwa kuwalea watoto wa wagonjwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Jirani alipowaona alijua kwamba mtu huingia kule na kutoka. Hapo mwanzo watu walikuwa wamehubiriwa kwamba Ebola haina dawa, kisha wakahimizwa kukimbilia hospitali, mambo mawili yasiyopatana. Mwezi Agosti 2019, baada ya dawa mbili kuonekana zinaokoa wagonjwa wengi wanaowahi, Profesa Muyembe, aliyekuwa ameshika uongozi wa kazi hiyo Julai, aliweza kutangaza kwamba ugonjwa huo unatibika.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena karibu na Butembo. Safari hii wahudumu wa afya wa hapo hapo ndio waliotangulia mbele. Waliugua watu 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ugonjwa ukatangazwa kwisha.