Kufuli Tatu, Sanduku Moja: Nidhamu ya Nafsi ya Mwanamke Mkristo wa Mpakani



Nimeombwa nizungumzie makuzi ya mwanamke Mkristo na nidhamu ya nafsi yake. Mada hii tumeizoea. Kila kongamano la akina mama lina mwalimu wa kutuambia tuamke alfajiri tuombe, tufunge, tuzuie ulimi, tuache matumizi ya ovyo, tuweke malengo ya mwaka. Mama anaandika yote daftarini na kuitikia amina. Ikifika Machi, malengo yamemponyoka, na kongamano la pili linamwambia imani yake ilikuwa haba. Jioni hii nataka kumtetea. Ninasema kwamba nidhamu inayodumu haisimami kwa nguvu ya moyo peke yake. Inasimama kwa mahali, kwa saa, na kwa mashahidi. Na mashahidi nao wawekewe mpaka.

Mahali tulipo

Tusimzungumzie mwanamke wa hewani. Rubongi, hapa tulipo, ni sehemu ya wilaya ya Tororo, na vituo vya mpaka wa Uganda na Kenya vya Malaba na Busia haviko mbali. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati ule ukawa upande wa Kenya, na hadi leo Wateso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili. Jopadhola ndio wenyeji wa hapa, na kambi ya jeshi iliyopo hapa imeleta wake za askari kutoka kila pembe ya Uganda. Ndiyo maana ninaweza kusema nanyi Kiswahili bila mkalimani.

Mama wa hapa asubuhi yuko kwenye wimbi na mihogo, mchana yuko sokoni, jioni ana kwaya au maombi. Katika fundo la leso yake mna shilingi za nchi mbili. Fedha hiyo ikijulikana tu, imeshapata wenyewe: shemeji ana mgonjwa, jirani ana msiba, shule imerudisha mtoto kwa ajili ya ada. Kumkatalia ndugu ni aibu, na kwa Mkristo inaonekana kama dhambi. Kwa hiyo anapomaliza mwezi bila akiba, tusikimbilie kusema ni mbadhirifu. Mara nyingi ametoa kwa sababu hakuwa na mahali pa kuiweka fedha ambapo hata yeye hawezi kuichomoa haraka.

Sanduku

Wanawake wa huku wamekwisha kulijibu tatizo hili, tena bila kungoja mhadhara. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukaenea sehemu nyingi za Afrika hadi huku kwetu. Hebu tukitazame kikao kimoja kwa karibu.

Wanaketi duara, watu kati ya 15 na 30. Katikati kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zimeshikwa na wanawake watatu, na anayelaza sanduku nyumbani kwake si mmoja wao. Kabla ya kufungua, mwenyekiti anauliza: mara iliyopita tulifunga na kiasi gani? Wanachama wanajibu kwa kichwa. Kisha kila mmoja anaitwa kwa namba, anasogea, ananunua hisa, moja hadi tano, na kitabu chake kinapigwa muhuri mbele ya macho ya wote. Fedha inahesabiwa kwa sauti, juu ya sahani, ili asiyejua kusoma naye awe mkaguzi. Anayetaka mkopo anataja kazi yake hadharani, na kwa kawaida hapewi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi kama 9 hadi 12, wanagawana, kila mtu kwa hisa zake.

Angalieni kilichotendeka pale. Hakuna aliyeambiwa awe na moyo wa chuma. Kila mmoja amerahisishiwa kutenda mema na kuwekewa ugumu wa kutenda maovu. Shemeji akija jioni, jibu lipo, tena la kweli: fedha iko kwenye sanduku.

Wataalamu wa uchumi nao walikuja kuliona jambo hili magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwagawia watu njia mbalimbali za kuweka akiba kwa ajili ya afya. Kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka fedha kuliongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Kuifungia fedha kwa kusudi moja kuliwasaidia hasa wale wanaoombwa mara kwa mara na ndugu na marafiki. Na mipango ya kikundi ilikuwa na nguvu kubwa mno. Mnaona basi: watu wale hawakuhubiriwa kwanza wakageuka. Walipewa mahali na wenzao, tabia ikafuata.

Mashahidi katika imani yetu

Msije mkadhani haya ni mambo ya kidunia yaliyoingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma. Ndiyo njia ya wazee wetu katika imani. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikutana Namirembe, wakaomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ukawaka kutoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kilichoutunza uamsho ule baada ya machozi ya mikutano mikubwa kilikuwa ushirika mdogo wa kila juma. Mtu aliungama mbele ya wenzake, akarudisha alichoiba, akalipa deni alilolikana. Wanawake nao walisimama na kushuhudia mbele ya wanaume, jambo lisilokuwa dogo enzi zile.

Kwa Wakatoliki mfano uko karibu vilevile. Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1903, na mwaka 1923 akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, la mabinti wa Kiafrika. Sista haamki alfajiri kwa sababu amejisikia kuamka. Kengele inalia, na wenzake wako kanisani. Umoja wa Mama wa Waanglikana, ulioanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, nao uliwakusanya akina mama wasaidiane katika wajibu uliokuwa umeachiwa kila mmoja nyumbani kwake.

Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Ushirika ukikosa mpaka hugeuka polisi. Kati ya Balokole walitokea, miaka ya 1970, waliokaza masharti hadi kumkataza ndugu kukopa. Nanyi mnavijua vikundi vinavyoanza na maombi na kuishia kupima urefu wa sketi, kuhesabu ujauzito wa mwenzao, au kumrudisha mama kwa mume anayempiga wakisema avumilie kwa nidhamu. Kipigo hakimkuzi mtu. Kumwambia mama anyamaze ni kumlinda anayempiga, na jina la Kristo lisitumiwe kwa kazi hiyo.

Tusome pia Waraka kwa Tito, sura ya 2. Kiasi kinadaiwa kwanza kwa wazee wanaume, kisha kwa wanawake, na mwishoni kwa vijana wa kiume. Sisi tumeisoma sura ile nusu, na nusu tuliyoichagua ni ya wanawake.

Nidhamu na maarifa

Jambo la mwisho ni la njiani. Mama anayevusha gunia la mahindi au matenga ya nyanya anashawishika kupita njia za panya, kwa kuwa anaamini langoni kuna kodi na usumbufu. Kumbe Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizomo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hazilipiwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, maofisa wa nchi mbili wakikaa pamoja. Asiyejua haya anampa dalali faida yake, na kwenye njia ya panya anajiweka mikononi mwa mtu yeyote mwenye rungu. Kumhubiria mama huyu uaminifu bila kumpa maarifa haya ni kumdai matofali bila kumpa udongo.

Ninayopendekeza

Kwanza, kila mama achague tendo moja, saa yake, na shahidi wake. Amchague mwenyewe, asipangiwe. Pili, kikundi kiandike kinachoruhusiwa kuuliza. Kiulize lile tendo lililokubaliwa: umeweka hisa? umesoma? umelipa? Mavazi na tumbo la mtu visiwe ajenda. Tatu, parokia na makanisa yetu yasome haki za mpakani katika mikutano ya akina mama, kwa Dhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kiswahili.

Nne, na hili nawaelekezea viongozi walioketi mbele: fungueni darasa hilohilo la nidhamu kwa akina baba, kwa siku na kwa uzito uleule, hesabu za mshahara zikiwa mezani. Mama akiweka akiba miezi 12 na baba akaimaliza kwa jioni moja, kanisa lililomfundisha mama peke yake limeshiriki hasara hiyo.