Foleni ya Skripti Katika JSmol: Mada kwa Walimu wa Kemia na Biolojia



Nimetakiwa nianze na fasili. Nitazipitia haraka, maana wengi wenu mnazifundisha. Skripti ni amri zinazofuatana. Jmol, programu ya kuonyesha molekuli, iliandikwa kwa Java. Vivinjari vilipoikataa Java, JSmol ya JavaScript ikashika nafasi yake kwenye kurasa za masomo. Hayo yanatosha.

Kinachotusumbua miaka yote ni foleni, yaani mpangilio wa amri zinazosubiri zamu. Chukueni somo la selimundu. Kitufe cha kwanza kinapakia himoglobini 2HBS kutoka Benki ya Data ya Protini. Cha pili kinachagua valini ya nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta, ile iliyochukua nafasi ya asidi ya glutamiki, na kuipaka rangi nyekundu. Ofisini kila kitu kinakwenda sawa. Darasani faili linachelewa, na mwanafunzi kabonyeza cha pili. Kama aliyeandika ukurasa alituma amri ya kitufe hicho kwa njia ya scriptWait, amri hiyo haipangi foleni. Inatekelezwa palepale, molekuli haijafika. Zinachaguliwa atomu sifuri. Programu haioni kosa, kwa hiyo hailalamiki. Molekuli inaingia baadaye na rangi zake za kawaida, na mwanafunzi anaandika daftarini kwamba hakuna badiliko lolote. Somo zima limepotea hapo!

Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa kuweka amri ya kusubiri, delay 5. Sekunde tano ni kubahatisha: mtandao mzuri zinazidi, mtandao mbovu hazitoshi.

Siilaumu idara yoyote. Najua bajeti na ratiba zina mipaka. Lakini kila warsha tunakubaliana kurekebisha, na mwakani kurasa zilezile zinarudi vilevile. Inakatisha tamaa.

Napendekeza, kwanza kabisa, amri zinazotegemeana ziandikwe kama skripti moja, zikitenganishwa kwa nukta-mkato: load =2HBS; select 6:B; spacefill; color red. Zikitumwa hivyo kwa Jmol.script, njia inayopanga foleni, kuchagua kunasubiri kupakia kuishe. Pale ambapo lazima hatua zitengane, ukurasa usubiri taarifa ya loadStructCallback kwamba molekuli imefika ndipo utume inayofuata, na kitufe cha pili kifungwe hadi hapo. Skripti ya kuanza somo upya ianze na amri ya exit, ili amri zilizobaki kwenye foleni zisimfuate mwanafunzi. scriptWait ibaki kwa maswali madogo tu, kama kuhesabu atomu zilizokwisha kupakiwa. Faili za masomo ziwekwe kwenye seva ya chuo, ingawa hilo halituondolei wajibu wa kupanga foleni. Delay itumike kumpa mtazamaji nafasi ya kuangalia, isitumike kusubiri faili. Narudia, isitumike kusubiri faili. Na kila ukurasa ujaribiwe kwa simu, kwenye mtandao wa darasani, na mwalimu atakayefundisha mwenyewe.