Malagarasi si Maji ya Bure



Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Dk. Livingstone, alifika kwenye mto Malagarasi. Alilipa hongo, maana siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, kisha akawalipa wenye mitumbwi. Juu ya hayo, mamba akamchukulia punda mmoja majini. Misafara ya Tabora nayo ililipa vivyo hivyo. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, tukaanza kuuvuka mto huo tukiwa tumesinzia.

Leo tuamke kidogo. Malagarasi unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, una urefu wa kilomita zipatazo 475 na unamwaga maji Ziwa Tanganyika. Lakini hauna haraka. Kabla ya kufika Uvinza, ambako watu wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, unatandaa kwenye vinamasi pamoja na Moyowosi na Ugalla. Ziwa Sagara, jirani ya Usinge, ni sehemu ya maji hayo. Humo wamo kambare na perege, nzohe, na yule korongo mwenye mdomo kama kiatu. Wamo hata samaki ambao ndugu zao wako mto Kongo. Mwaka 2000 eneo hilo, hekta milioni 3.25, lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Nikiwa Usinge nilisikia hoja tatu. Mvuvi analalamikia nyavu za macho madogo. Mkulima anasema mpunga unataka mbuga. Mfugaji anauliza: kiangazi ng'ombe wangu wanywe wapi? Wote wana haki, na wote wanakula sahani moja.

Kosa ni kuiita mbuga ile ardhi isiyo na kazi. Mafunjo hushika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Tukiyafyeka yote tulime, maji yatapita mbio, na mkulima, mvuvi na mfugaji watabaki wakitazamana juu ya udongo uliopasuka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao. Basi mkutano wa kijiji uwaite wote watatu, wakubaliane wapi palimwe, wapi panyweshwe, na wapi samaki waachwe wazaliane. Wazee walilipa ushuru kuuvuka mto. Ushuru wetu sisi ni kujizuia.

Tukutane juma lijalo.