Kisa cha Maneno Thelathini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana baada ya futari, Nakalale)

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu vijana. Sitawachosha, maana naona uji umeshawalegeza wengine.

Nimekuja na ombi: tuanzishe mchezo wa kuandika. Kila Alhamisi baada ya tarawehe, na Ramadhani ikiisha tuendelee baada ya Isha, litatajwa neno moja. Kila mtu atakuwa na wiki nzima ya kuandika kisa cha kubuni juu ya neno hilo, kisichozidi maneno 30. Thelathini tu! Halafu tunasomeana.

Mtasema maneno 30 ni salamu tu. Lakini Augusto Monterroso, mwandishi wa Guatemala, alichapisha mwaka 1959 hadithi ya maneno saba ya Kihispania, na mpaka leo inasomwa. Sisi tuna bahati zaidi, kwa sababu Kiswahili kinabana. "Hatukuagana" ni neno moja, na tayari ndani yake mna watu wawili na majuto.

Sikilizeni hiki, nimekiandika jana:

"Foleni ya maji ilianza alfajiri. Mama alipanga mitungi miwili, wake na wa jirani aliyehama. Zamu ilipofika akaijaza yote. Jioni, mtungi wa jirani bado umejaa mlangoni. Asubuhi akamwagilia mti, akaupanga tena."

Hesabuni, ni 30.

Sasa, kuna ndugu ameniuliza pale nje: kubuni si kusema uongo? Swali zuri. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat 50, visa vya mzee mjanja mwenye ulimi mtamu. Katika dibaji yake aligusa jambo hilo hilo, akasema watu hawajawahi kuvikataa visa vya wanyama wanaosema, na kwamba amali huangaliwa kwa nia. Mimi naongeza hili: mwongo anataka umsadiki, lakini mtunzi na msikilizaji wameshapatana kabla ya neno la kwanza.

Na hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko kule Basra. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Tangu hapo watu wa Sudan, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko wameketi mbele ya meza wakisimulia maisha yao huku afisa anaandika. Tarehe gani? Mlikuwa wangapi? Nani alikuona? Ukichanganya miezi, unaweza kutiliwa shaka. Siwalaumu, kazi yao ni hiyo. Lakini mtu akishasimulia hivyo mara tano, maisha yake yanakuwa kama mali ya faili. Gazeti la KANERE, ambalo wakimbizi wenyewe walilianzisha mwaka 2008, ni la habari, na habari lazima zithibitishwe. Je, ni wapi mtu ataweka jambo lake bila kudaiwa ushahidi?

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia kuliko ile ya 30 ni hii: kisa kikisomwa, marufuku kuuliza "Ni wewe huyo?" Hata kama unajua. Dada akiandika juu ya kaka aliyebaki njiani, kaka huyo ni wa kwenye kisa, basi. Hiyo ni sitara yake. Uliza tu ni neno gani lingeweza kutoka. Tukiivunja kanuni hii, wiki ya tatu wote wataandika simba na sungura. (Simba na sungura nao wanaruhusiwa!)

Wenyeji Waturkana na wenzetu wa kambini, mara nyingi tunakutana sokoni tu, tunaulizana bei. Hapa tukae mkeka mmoja. Kiswahili kibovu kisichekwe. Asiyejua kuandika asimulie, mwenzake aandike. Na aliye Lodwar asisingizie zile kilomita 120, atume kwa simu.

Neno la kwanza ni "mlango". Kalamu ninazo kumi, karatasi kila mtu aje na yake.