Dunia Haikwisha kwa Herufi Mbili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo)

 

Mnakumbuka kwamba majuma mawili yaliyopita mama mmoja aliitwa ubaoni. Tulimtaka aandike: Tunapiga kura. Yeye akaandika: Tunapiga kula. Watu wakacheka. Na sisi walimu, ambao kazi yetu ni kufundisha, tulitabasamu pia. Tangu siku ile mama yule hakuja tena darasani.

Leo tutawaeleza habari ya sinema moja. Mtasema, "Walimu, sinema na kura wapi na wapi?" Ngojeni kidogo, mtaona.

Sinema hiyo ilitoka Marekani mwaka 1969. Jina lake ni A Boy Named Charlie Brown, maana yake Mvulana Aitwaye Charlie Brown. Ni sinema ya picha za kuchorwa kwa mkono. Huchorwa picha nyingi zinazofanana, lakini kila moja inatofautiana kidogo na iliyotangulia. Kisha hupitishwa upesi sana, picha 24 kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenganisha, basi tunaona mtu anatembea na mbwa anaruka.

Lakini Charlie Brown hakuzaliwa katika sinema. Alizaliwa gazetini. Nyote mnajua katuni, zile picha ndogo zenye maneno tunazozitafuta kwanza tukifungua gazeti. Charles Schulz alianza kuchora katuni hiyo tarehe 2 Oktoba 1950, katika magazeti saba tu. Jina lake lilikuwa Peanuts, yaani Karanga. Aliichora yeye mwenyewe kwa karibu miaka 50. Katuni ya mwisho ilitoka tarehe 13 Februari 2000. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Schulz alifariki dunia.

Huyu Schulz alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1922. Baba yake alikuwa kinyozi. Kuchora alijifunza kwa njia ya posta: anapelekewa masomo, anafanya kazi nyumbani, anairudisha isahihishwe. Baadaye chuo hicho hicho kilimwajiri kusahihisha kazi za wanafunzi wengine. Ndugu zetu, mnaona? Elimu haimwulizi mtu amekaa darasa gani.

Haya, turudi kwenye sinema. Schulz ndiye aliyeandika hadithi yake. Charlie Brown ni mtoto asiyefanikiwa. Akirusha kishada, hakiruki. Akicheza mpira, timu yake inafungwa. Wenzake wanamwimbia kwamba uso wake ni uso wa kushindwa. Ana rafiki mmoja, Linus, ambaye hatembei bila blanketi lake. Linus anamtia moyo aingie katika mashindano ya shule ya kutaja herufi za maneno.

Kwa Kiingereza jambo hilo ni gumu kweli. Sisi tunaandika karibu kama tunavyotamka. Wao hutamka hivi na kuandika vile. Charlie Brown anajaribu, na kumbe anaweza! Anawashinda wenzake wa darasa, kisha anaishinda shule nzima. Wale waliomcheka sasa wanamshangilia njiani. Anapelekwa mji wa New York kwenye mashindano ya nchi. Linus anampa blanketi lake limsaidie, ingawa yeye mwenyewe anabaki akiteseka.

Huko New York wanashindwa mmoja baada ya mmoja, mpaka wanabaki watoto wawili. Charlie Brown anaulizwa neno beagle. Ni jina la aina ya mbwa. Na mbwa wake mwenyewe, Snoopy, ni wa aina hiyo hiyo! Kila siku anamlisha. Lakini mbele ya watu wengi, moyo unadunda, anataja herufi za mwisho kinyumenyume: B-E-A-G-E-L. Amekosa. Herufi mbili tu zimepishana.

Anarudi kwao kwa basi. Kituoni hakuna mtu wa kumpokea. Anaingia kitandani, kesho yake hatoki, wala shuleni haendi. Ndipo Linus anapomfuata nyumbani. Hamkemei. Anamweleza kwamba wenzake wanaendelea kucheza, na kwamba kwa kosa lile dunia haikufikia mwisho. Kisha anaondoka. Charlie Brown anafikiri, anavaa nguo, anatoka nje.

Je, huko nje anakuwa shujaa? Hapana. Anamwona Lucy, dada yake Linus, ameshika mpira chini. Anakimbia aupige teke, na Lucy anauvuta upesi kama siku zote. Charlie Brown anaanguka chali. Lakini yuko nje, pamoja na wenzake.

Ndugu zetu, sinema hii ilitusuta. Katika darasa letu wacheka walikuwa wengi, na Linus hakuwapo hata mmoja. Basi Jumamosi tulikwenda kwa mama yule. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Tukamwomba radhi. Akatujibu, "Walimu, kwetu tunatamka kula na kura namna moja. Hakuna aliyenionyesha kuwa ni maneno mawili."

Jibu hilo lilitufunga mdomo. Kosa lile halikuwa lake peke yake. Wengi hapa huandika kalatasi badala ya karatasi, abari badala ya habari, zambi badala ya dhambi, kwa sababu ndivyo masikio yao yalivyozoea. Kazi ya mwalimu ni kuonyesha tofauti, si kutabasamu.

Mama hakutuahidi kitu. Lakini tulipokuwa tunaaga, alituuliza somo la Jumanne litakuwa lipi.

Basi tukubaliane mambo matatu. Kwanza, anayekosa ubaoni asirudi kukaa mpaka tumsaidie apate. Pili, mtu akikosekana mara mbili, jirani yake apite kwake kumjulia hali. Tatu, kila mmoja aandike barua moja kwa gazeti lake la kijiji, hata kama ana mashaka na herufi. Barua yenye kosa itasahihishwa. Barua isiyoandikwa haisahihishwi na mtu yeyote.

Na mama akija Jumanne, mpisheni mahali pake pa siku zote. Msimwulize alikuwa wapi. Sisi tutaanza somo na maneno mawili: kula na kura.