Shamba Lisife na Mwenye Shamba



Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa; vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Miaka hiyo yote mibuni ya Tarime ilipaliliwa na wenyewe, wazazi pamoja na watoto wao. Basi nguzo ya ushirika ni jamaa.

Lakini tumeona mzee akifariki, na mjane na wana wakigombania fedha za kahawa, kwa kuwa mrithi hakuandikwa. Twawasihi: kila mmoja amwandikishe mrithi wake chamani angali hai. Na kijana, wa kiume au wa kike, agawiwe mibuni yake sasa, ajiunge, auze kwa jina lake.

Mali bila daftari huisha bila habari.