Mbuyu Haungoji Mvua

Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana kujiandaa kwa mvua ya vuli. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Tumepewa nafasi tuzungumze juu ya kukua. Si kukua kwa mahindi peke yake, bali kukua kwetu sisi wenyewe, mtu mmoja mmoja na kikundi kizima.

Katika nchi za baridi watu husema mtu ameanza upya kama nchi inavyoanza upya theluji ikiyeyuka. Sisi huku Ukambani hatuna theluji, tuna kiangazi. Mwezi wa tisa nyasi zimeisha, vumbi ni jingi, na punda anakwenda mbali kutafuta maji. Lakini hata wakati huo mwenye macho huona dalili. Migunga inatoa majani na ardhi bado ni kavu. Ndege yule wa kuita mvua, anayesikika zaidi ya kuonekana, anaanza kelele zake. Na ukishuka upande wa Kibwezi na Mtito Andei, utakuta mibuyu inachipua kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Sasa tujiulize: mbuyu unapata wapi maji ya kuchipua, na mvua haijanyesha? Shina lake ni kama tangi. Wakati wa mvua huweka maji ndani, na majani mapya yanapotoka mti hutumia akiba hiyo. Tena kiangazi kinapoanza hupukutisha majani yote, maji yasipotee bure. Mpita njia akiutazama atasema umekufa. Kumbe unatunza.

Hilo ndilo tunalotaka mwende nalo nyumbani. Kijani tunachokiona leo kimetoka katika kile kilichowekwa jana, wakati hakuna aliyekuwa akisifu. Na mtu naye hukua hivyo hivyo.

Mnakumbuka ukame ule. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo mvua ilitunyima. Katika kikundi chetu swali lilikuwa moja: mbegu zilizo ghalani tugawane tule, au tuziweke? Lilikuwa swali gumu, jameni. Kulikuwa na nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Wengine walisema, mbegu bila mvua ni chakula tu, mnaziwekea nini? Tulikaa mikutano mitatu bila kuelewana, na wengine wakaanza kusema afadhali kikundi kivunjwe kila mtu aende na chake.

Mkutano wa tatu alisimama mama mmoja kijana ambaye tangu ajiunge hakuwahi kusema neno mbele ya watu. Akasema, "Tuzigawe mara mbili. Nusu wapewe wenye watoto wadogo. Nusu ifungiwe, kufuli tatu, na kila ufunguo ukae kwa mtu wake." Akaketi. Tukafanya hivyo.

Na hatukukaa kungoja. Siku mbili kila wiki tulichimba matuta ya fanya juu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mnayajua: unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, na udongo unautupa upande wa juu ukazuie maji. Watu walitucheka, wakauliza tunazuia maji gani. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 zilipokuja, matuta yalishika maji na udongo, nasi tulikuwa na kunde na pojo za kupanda.

Lakini mtu akituuliza kikundi kilikua lini, hatutamtajia siku ya mavuno. Tutamtajia siku ile mama aliposimama.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1937 afisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya Machakos. Alivyoeleza, nchi hii ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya hiyo waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikatunzwa vizuri kuliko zamani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa akina mama. Aliyechimba siku moja hakuona badiliko lolote. Alirudi nyumbani na mgongo unaouma, basi.

Tena tuonyane. Si kila kijani ni cha kufurahia. Wenzetu wa Baringo waliletewa mti wa mathenge miaka ya 1980, ili uzuie jangwa na utoe kuni. Ulikua haraka na kustahimili ukame. Kisha ukasonga nyasi za malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wenyeji wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani mwaka 2006. Katika vikundi pia mtu anaweza kustawi namna hiyo: yeye anang'ara, na chini ya kivuli chake hakuoti kitu. Mtu aliyekua kweli, walio karibu naye nao hupata nafasi ya kukua.

Basi dalili tuzitafute wapi? Tazameni mambo madogo. Aliyekuwa akinyamaza anauliza swali. Mweka hazina anasoma kitabu cha fedha mbele ya wote bila kuombwa. Waliogombana wanamaliza neno lao mkutanoni, si njiani. Mwenyekiti anasafiri na kazi haisimami. Mkiona hata moja kati ya hayo, lisemeni kwa sauti, mwenye nalo asikie. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wamechipua.

Mkirudi, zungumzeni maswali haya matatu. Katika kiangazi kilichopita, kikundi chenu kiliweka nini? Ni nani kwenu ameanza kuchipua, na hamjamwambia? Na ni kazi gani mnayoweza kuianza wiki hii, kabla ya mvua?

Majembe yako pale nje, na shamba la leo ni la jirani yetu mjane pale ng'ambo ya mto. Twendeni.